Matairi na Rimu za Pikapu Ibebayo Chumba Mgongoni: Yapasayo Kujulikana Kabla ya Kununua



Katika barabara itokayo Kayonza hadi Rusumo, na kuendelea ng'ambo ya daraja hadi Benako na Lusahunga, hupita pikapu za aina nyingi. Ziko za wasafiri waelekeao hifadhi ya Akagera au ile ya Burigi-Chato, zilizofungwa mgongoni chumba kizima chenye kitanda, jiko na tangi la maji. Ziko pia za majirani zetu wenyewe: duka linalotembea kutoka gulio hadi gulio, karakana ndogo ya fundi, banda la bati la kuhifadhia bidhaa zisilowe mvua. Kwa sura hazifanani, lakini kwa matairi ni ndugu wa tumbo moja. Kila moja hubeba mzigo mzito, mrefu kwenda juu, na usioshushwa.

Neno hili la mwisho ndilo kiini cha makala yetu. Pikapu ya kawaida hubeba magunia leo, na kesho hutembea tupu ikapumzika. Pikapu yenye chumba haipumziki. Hata ikilala uani usiku kucha, matairi ya nyuma yamebeba uzito uleule wa mchana. Kwa sababu hiyo, matairi na rimu zilizokuja na gari kutoka kiwandani aghalabu hazitoshi, na mwenye gari hulazimika kuchagua mengine. Tunaandika ili uchaguzi huo ufanywe kwa hesabu, si kwa kukisia wala kwa kusikiliza sifa za muuzaji peke yake.

Kinachobeba gari ni upepo

Watu wengi hudhani kwamba mpira ndio ubebao gari. Sivyo. Kinachobeba gari ni upepo uliomo ndani. Mpira na nyuzi zake ni chombo cha kuuzuilia upepo huo. Mzigo ukizidi, au upepo ukipungua, ubavu wa tairi hupinda na kunyooka katika kila mzunguko. Kupinda huko huzalisha joto. Joto likipita kiasi, mpira huachana na nyuzi za ndani, na tairi hupasuka.

Ndiyo maana tairi lililozidiwa halipasuki hapo mzigo unapopakiwa. Hupasuka baada ya mwendo mrefu, juu ya lami yenye moto, dereva akiwa kwenye kasi na hana shaka yoyote. Katika gari fupi dereva stadi aweza kulidhibiti. Katika pikapu yenye chumba, ambayo uzito wake umekaa juu, tairi moja la nyuma likipasuka gari huinama upande huo, chumba nacho huvuta kuelekea chini, na kupinduka huwa karibu sana. Tena barabara yetu hii haina bega pana kila mahali, na pembeni mwake hupita watoto wa shule, waendesha baiskeli na akina mama wenye vikapu. Tairi la gari lako, kwa hiyo, si jambo lako peke yako.

Pima kwanza, nunua baadaye

Hatua ya kwanza si kwenda dukani bali kwenda kwenye mizani. Pakia gari kama unavyosafiri nalo hasa: tangi la maji limejaa, mafuta yamejaa, mitungi ya gesi, vyombo, na watu wote ndani. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo tangi la lita 80 peke yake ni mtu mzima mmoja zaidi. Kisha pima ekseli ya mbele peke yake, na ekseli ya nyuma peke yake. Pasipo na mizani ya magari karibu, maghala makubwa ya nafaka na viwanda vya kahawa aghalabu huwa nayo, na ombi la kistaarabu si rahisi kukataliwa.

Tutoe mfano wa hesabu. Tuseme pikapu ya milango minne ina umbali wa mita 3.085 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na ekseli ya nyuma ikiwa tupu hubeba kilo 800. Chumba pamoja na vilivyomo kina kilo 700. Kwa kuwa bodi ya pikapu ya milango minne ni fupi na imesukumwa nyuma, kitovu cha uzito wa chumba kimeangukia sentimita 30 nyuma ya ekseli. Hapo chumba hufanya kazi kama mzani wa kuning'inia: huelemea nyuma na kuinua mbele. Ekseli ya nyuma haitapokea kilo 700, bali takriban kilo 768. Na ekseli ya mbele itapunguziwa kilo 68, hivyo usukani utakuwa mwepesi na breki za mbele zitashika kwa udhaifu.

Ongeza kilo 130 za mafuta, abiria na mizigo yao zinazoangukia nyuma. Jumla ni karibu kilo 1,700. Ukigawa kwa magurudumu mawili, kila moja lina kilo 850. Lakini vyumba hivi ni nadra kuwa na usawa. Tangi la maji na jiko vikiwa upande mmoja, gurudumu la upande huo laweza kuwa na kilo 900 na la pili 800. Tairi huchaguliwa kwa kuangalia lile lililoelemewa zaidi. Juu ya hizo kilo 900 tunashauri kuongeza akiba ya moja ya tano, kwa ajili ya mashimo, kona na upepo wa pembeni. Tunafika kilo 1,080. Hicho ndicho kiasi ambacho kila tairi la nyuma linapaswa kukimudu.

Kabla ya kuendelea, soma kibao kilichobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva au chini ya boneti, kinachotaja uzito wa juu ambao gari lote na kila ekseli viliruhusiwa kiwandani. Ikiwa ekseli yako imepita kiasi hicho, hakuna tairi litakalokuokoa. Tairi imara haliongezi nguvu ya ekseli, springi, beringi wala breki. Dawa yake ni kupunguza mzigo au kuusogeza mbele. Katika mfano wetu, chumba hichohicho kikikaa sentimita 30 mbele ya ekseli badala ya nyuma yake, ekseli ya nyuma hupokea takriban kilo 632 badala ya 768. Kilo 136 zimeondoka bila kutupa hata kijiko. Ndiyo sababu pikapu ya milango miwili, yenye bodi ndefu, huvifaa vyumba hivi kuliko ile ya milango minne.

Kusoma maandishi ya ubavuni

Kila tairi limeandikwa ubavuni mambo yake yote, na asiyeyasoma hununua gizani. Chukua mfano wa 265/65R17 112S. Namba 265 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 65 ni urefu wa ubavu kwa asilimia ya upana huo. Herufi R yaonyesha kuwa nyuzi zake zimepangwa kutoka ukingo hadi ukingo, na 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Herufi ya mwisho, S, ni kikomo cha kasi cha tairi, yaani kilomita 180 kwa saa.

Namba iliyo muhimu kuliko zote kwa mwenye chumba mgongoni ni 112. Hiyo ni namba ya uwezo wa kubeba, na si kilo zenyewe. Ni ya kutafutwa katika jedwali. Namba 100 ni kilo 800 kwa tairi moja. 104 ni 900. 108 ni 1,000. 112 ni 1,120. 116 ni 1,250. 118 ni 1,320. 120 ni 1,400. Na 121 ni 1,450. Ukiona namba mbili zimetenganishwa kwa mkwaju, kama 120/117, ya kwanza ni ya tairi lililo peke yake na ya pili ni ya matairi mawili yaliyofungwa pamoja upande mmoja.

Kwa mujibu wa hesabu yetu ya kilo 1,080, tairi la 112 lingeonekana kutosha. Hapa pana mtego. Matairi mengi ya ukubwa huu yametengenezwa kwa ajili ya magari ya abiria, si ya mizigo. Kanuni za Marekani huagiza kwamba tairi la aina hiyo likifungwa kwenye pikapu, uwezo wake ugawanywe kwa 1.1, kwa kuwa pikapu huelemewa na kuyumba zaidi. Kilo 1,120 ukizigawa hivyo hubaki 1,018, nazo hazifiki kiasi tulichohitaji. Tafuta basi tairi lenye herufi LT mwanzoni mwa kipimo, au herufi C baada ya kipimo. Herufi hizo ni alama ya tairi la gari la mzigo, lenye ubavu mgumu zaidi. Tairi la LT265/65R17 lenye 120/117 hubeba hadi kilo 1,400, na hapo mwenye gari ana nafasi ya kupumua.

Ubavu mgumu una faida nyingine. Chumba kirefu huyumba gari linapopishana na lori kubwa au linapoingia kona. Ubavu laini huongeza kuyumba huko, na ubavu mgumu hukupunguza. Hasara yake ni kwamba gari likiwa tupu hurukaruka. Lakini tumekwisha kusema: gari hili haliwi tupu.

Usivutwe na tairi kubwa kupita kiasi. Ukiondoa 265/65R17 na kufunga 285/70R17, kipenyo huongezeka kwa takriban asilimia 7. Spidi mita ikikuonyesha 80, wewe waenda karibu 86. Gari pia hupanda juu zaidi, injini huchoka mlimani, na breki hupewa kazi kubwa kuliko ile iliyokusudiwa.

Rimu nayo ina kipimo chake

Wengi hununua tairi zuri wakalifunga kwenye rimu isiyoliweza. Rimu nayo huwa na uzito wa juu inaoruhusiwa kuubeba, aghalabu umepigwa chapa upande wa ndani au kati ya matundu ya nati. Rimu ya urembo isiyo na alama yoyote ya uzito haifai kwa kazi hii, hata ing'ae vipi. Uwezo wa rimu lazima ulingane na ule wa tairi au uuzidi, kwa uzito na kwa upepo pia.

Je, ya chuma au ya aloi? Zote zafaa zikiwa na uwezo unaotakiwa. Ya chuma ni nzito, lakini ikigonga shimo hujikunja, na fundi huiona kwa macho. Ya aloi ni nyepesi na hupoza breki vizuri, lakini ikipigwa sana yaweza kupata ufa usioonekana kwa urahisi. Kwa barabara za changarawe zilizo mbali na gereji, wengi huchagua ya chuma, nasi hatuoni sababu ya kuwapinga.

Hakikisha mambo manne: idadi na umbali wa matundu ya nati, tundu la katikati kukaa sawasawa kwenye kitovu cha ekseli, upana wa rimu kuendana na tairi, na kina cha rimu, yaani jinsi gurudumu linavyoingia ndani au kutokeza nje. Gurudumu likitokeza nje kwa sentimita 3 kuliko la kiwandani, gari huonekana limesimama vizuri, lakini beringi huelemewa na usukani huvutwa na kila shimo. Vipande vya chuma vya kusukumia gurudumu nje tunavikataza kabisa kwa gari lenye chumba.

Nati pia si zote sawa. Nyingi za rimu za chuma zina kichwa cha mchongoko. Baadhi ya rimu za aloi hudai nati zenye uso bapa na washa yake. Ukichanganya, nati hukaza mkononi lakini gurudumu halikushikwa. Zikazwe kwa mpangilio wa nyota, na zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100 za mwendo.

Upepo: kazi isiyokwisha

Ule uwezo ulioandikwa ubavuni hupatikana tu tairi likiwa na upepo wake kamili. Tairi la LT la uwezo wa juu huhitaji upepo mwingi kuliko la gari la abiria ili kubeba uzito uleule. Anayefunga tairi jipya la LT kisha akalijaza kwa kipimo cha zamani, huenda amejipunguzia uwezo badala ya kuuongeza. Muulize muuzaji jedwali la mtengenezaji linaloonyesha upepo kwa kila uzito, ulinganishe na uzito uliotoka kwenye mizani. Pampu zetu hutumia vipimo viwili: baa moja ni sawa na psi 14.5, kwa hiyo baa 3.5 ni karibu psi 51. Kumbuka kipimo chako kwa namna zote mbili, maana kituo cha upande huu chaweza kutumia kimoja na cha ng'ambo kingine.

Pima asubuhi, kabla gari halijatembea. Tairi likipata moto, upepo hupanda wenyewe. Ukiupunguza wakati huo, kesho asubuhi utakuwa na upungufu. Kwenye mchanga au changarawe mbaya baadhi ya madereva hupunguza upepo ili gari lishike. Hilo lakubalika kwa mwendo wa polepole, kwa sharti la kuujaza tena kabla ya kurudi kwenye lami. Baada ya kilomita 30 hivi simama mahali salama, ukaguse kila tairi kwa kiganja. Lililo na moto kuliko wenzake lina jambo la kukueleza: upepo umepungua, mzigo umeelemea upande huo, au breki inashika.

Usisahau tairi la akiba. Liwe na uwezo uleule wa yale ya nyuma, na jeki iwe ya kuinua gari pamoja na chumba chake.

Matairi ya mitumba

Twafahamu kwamba bei ya tairi jipya la LT si mchezo, na kwamba masokoni mwa mpakani hupatikana matairi yaliyotumika kwa bei ya chini sana. Hatuji kuwahubiria walioishiwa. Tunasema hivi: kwa gari lenye chumba mgongoni, matairi ya mitumba yasifungwe nyuma. Ikibidi kununua lililotumika kwa mahali pengine, tazama mambo haya.

Tafuta herufi DOT ubavuni, kisha tarakimu nne za mwisho. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Mpira huzeeka hata usipotembea, na tairi lenye mifereji mirefu laweza kuwa la kale lililokaa ghalani. Tazama kama ubavu una nyufa ndogo ndogo, uvimbe, au kiraka. Ubavu hauzibwi, pancha huzibwa kwenye uso unaokanyaga barabara tu. Pitisha mkono ndani kutafuta nyuzi zilizokatika. Mwisho, tazama alama za TWI: ni vinundu vidogo ndani ya mifereji, vyenye urefu wa milimita 1.6. Mpira ukilingana navyo, tairi limekwisha. Kwa mzigo huu na kwa mvua zetu, sisi tunashauri libadilishwe mapema, mifereji inapobaki milimita 3.

Jihadhari pia na matairi yaliyochongwa mifereji upya kwa kisu cha moto. Huonekana mapya, kumbe mpira uliobaki juu ya nyuzi ni mwembamba kama karatasi.

Ukaguzi mpakani

Magari yenye uzito wa jumla unaozidi tani 3.5 huingia katika Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016. Pikapu yenye chumba, watu na maji yaweza kufika huko bila mwenyewe kujua, na hii ni sababu nyingine ya kupima kabla ya safari.

Askari anapokusimamisha akainama kutazama matairi, anaangalia mambo machache: mifereji, nyufa, upepo, usawa wa matairi mawili ya ekseli moja, na nati. Una haki ya kumwuliza kwa adabu anaangalia nini na ameona nini, naye anapaswa kukujibu kwa adabu ileile. Akikuonyesha tairi bovu, lisiwe jambo la kunong'onezana wala la kupeana kitu mkononi. Utaratibu ulioandikwa ufuatwe. Tairi bovu halipati nafuu kwa fedha aliyopewa askari.

Tena, msafiri, ukumbuke kuwa hapa Rusumo upande wa kuendesha hubadilika: Rwanda ni kulia, Tanzania ni kushoto. Saa ya kwanza baada ya kuvuka ndiyo yenye makosa mengi ya kukumbuka, na kosa la upande huishia kwa kukata usukani ghafla. Gari refu lililobeba chumba halipendi ghafla. Vuka daraja, simama mahali palipotengwa, pima matairi kwa kiganja, kaza nati, kisha uanze safari ya upande wa pili kwa utulivu.

Kwa wenye gereji na wauza matairi wa pande zote mbili, tuna ombi moja. Mteja akija na pikapu yenye chumba, mwulizeni uzito wake kabla ya kumwuliza fedha zake. Na mwenye gari aliye na shaka juu ya maandishi ya tairi au ya kibao cha mlango, na aje kituoni wakati wowote wa mchana. Tutamsomea na kumfanyia hesabu pamoja naye, bila malipo. Afadhali tukutane kwenye uzio wa kituo, tukiwa na karatasi na kalamu, kuliko tukutane kando ya barabara.